Gari Kuukuu Likikosa Nguvu: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Masharti haya ni ya mwenye gari. Fundi anabadilisha kile ulichokubali kulipia, na ukiambiwa "nunua plagi tuone" ukajibu "haya", kosa si lake peke yake. Wiki hii plagi, wiki ijayo waya, mwisho wa mwezi pampu ya mafuta, na gari bado linapanda kilima kwa gia ya pili likilia. Pesa iliyokwenda ingelipia vipimo vyote vilivyotajwa hapa chini, na chenji ikabaki.

Mfano wangu ni Toyota Corolla za AE100 na AE110 zenye injini ya 5A-FE ya lita 1.5, kwa sababu bado zimejaa barabarani na tabia zake zinajulikana. Mwenye Nissan au Mitsubishi ya miaka hiyo afuate mpangilio uleule, ila namba azitoe kwenye kitabu cha gari lake.

Fanya: eleza ugonjwa wote

"Halina nguvu" haitoshi. Halina nguvu asubuhi, au likishapata moto? Likiwa sailensi limesimama, au ukikanyaga mafuta? Tambarare, au mlimani tu? Kiyoyozi kikiwashwa? Na lilianza baada ya nini: kuosha injini, kujaza mafuta kituo usichokizoea, kubadilisha mkanda wa taiming, kukaa nje siku nyingi bila kuwashwa? Andika kwenye karatasi kabla hujaenda gereji.

Majibu hayo yanaokoa siku nzima. Gari linalomisi sailensi kisha likatulia ukikanyaga, mara nyingi linavuta hewa mahali pasipotakiwa. Linalokwenda vizuri mjini na kuishiwa pumzi barabara kuu, anza na njia ya mafuta na njia ya moshi. Linalomisi siku za mvua tu, tazama waya za plagi na kifuniko cha distribyuta, na usinunue kitu kingine hadi hivyo viwili vithibitike kuwa vizima.

Usidhani kila uzito ni wa injini

Tafuta lami tambarare isiyo na magari, fika kilomita 40 kwa saa, weka gia huru, liache lijiendee. Likisimama upesi kama limeshikwa kwa nyuma, breki zinang'ang'ania. Shuka upitishe kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa: yenye joto kuliko wenzake ndiyo yenye breki iliyokwama. Kwa gari la gia za mkono, weka gia ya nne ukiwa na mwendo mdogo, kanyaga mafuta hadi mwisho; mshale wa mizunguko ukipanda na mwendo usipande, klachi inateleza. Upepo wa tairi sitaueleza, kila mtu anaujua na hakuna anayeupima.

Usiishtaki injini kwa kosa la mlima

Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Mbeya iko mita zipatazo 1,700, na Nairobi inazidi hapo kidogo. Gari lililozoea Dar likifika huko limeacha njiani karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake, na halina ugonjwa wowote. Ukipakia watu watano na magunia ya vitunguu pale Ruaha Mbuyuni, kisha ukaanza kupanda Kitonga kiyoyozi kikiwa kimewashwa, usimpigie fundi simu. Zima kiyoyozi, punguza gia.

Gari lililofungwa mfumo wa gesi asilia nalo lipimwe kwanza kwa petroli. Gesi hukalia nafasi ya hewa ndani ya silinda, hivyo kupungukiwa na kama sehemu moja ya kumi ya nguvu ni kawaida yake. Likiwa zito hata kwa petroli, hapo kuna jambo.

Fanya: tazama kabla ya kushika spana

Injini iwe baridi. Fuata kila mpira mwembamba wa vakyumu kwa kidole, mwanzo hadi mwisho. Mpira uliopikwa na joto kwa miaka 25 haupasuki katikati, hupasuka kwenye ncha, pale unapovikwa, na ufa hauonekani hadi uukunje. Mmoja kati ya hiyo ni wa kuogopwa kuliko yote: unaotoka kwenye manifoldi ya hewa kwenda kwenye sensa ya presha. Ukichomoka, kompyuta inadhani injini imebeba mzigo mzito na inamwaga mafuta. Moshi mweusi, plagi nyeusi, harufu ya petroli, na mtu anakuuzia nozo nne kwa sababu ya mpira wa bei ya soda.

Kutafuta hewa inayovuja, washa injini na utumie chupa ya kunyunyizia maji, kidogo kidogo kwenye maungio. Mlio ukibadilika, umefika. *Usinyunyize petroli.* Ekzosi iko pembeni na ni ya moto.

Kisha zima injini, chomoa waya za plagi uchungulie visima vyake kwa tochi. Injini hizi za A zina ugonjwa wa kuzeeka: mpira wa kuzuia oili chini ya tapeti kava hukauka, oili hujaa visimani, vichwa vya waya huloa, cheche hutoroka pembeni badala ya kufika kwenye plagi. Ukiweka plagi mpya ndani ya kisima cha oili, zitafanya vizuri siku chache na kurudi kulekule. Badilisha gasketi na mipira yake, safisha visima, ndipo uzungumzie plagi.

Fanya: zisome plagi zote nne kwa pamoja

Zipange mezani kwa mpangilio wa silinda. Kahawia iliyopauka ni afya. Masizi makavu meusi ni mafuta mengi. Nyeusi yenye majimaji ya oili ni ringi au sili za valvu. Nyeupe kama iliyochomwa ni mafuta machache au joto kupita kiasi. Lakini rangi peke yake si kitu kama hukulinganisha. Zote nne zikifanana, tafuta kasoro inayozigusa zote: presha ya mafuta, sensa, filta, taiming. Moja ikitofautiana na wenzake, tafuta kwenye silinda hiyo tu: waya wake, nozo yake, valvu zake. Sharti hili moja likishikwa, nusu ya ubishi wa gereji unakwisha.

Zitoe baada ya kuendesha gari kwa mwendo, si baada ya kulingurumisha dakika 20 chini ya mwembe. Na usiweke nafasi ya cheche kwa macho. Plagi za NGK na Denso ambazo jina lake linaishia na 11 ni za milimita 1.1, ukizibana kwa nyundo hadi 0.8 kwa sababu ndivyo ulivyozoea, umenunua kitu kimoja na kufunga kingine.

Usikubali gari la 1995 "kupimwa kwa kompyuta" na kuambiwa ni zima

Mashine nyingi za kupimia zilizoko mikononi mwa mafundi haziongei na Corolla za soko la Japani za miaka hiyo. Kukosa majibu si jibu. Gari lenyewe linaeleza kosa lake, na kifaa kinachotakiwa ni kipande cha waya.

Ndani ya boneti kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa DIAGNOSIS, na ramani ya matundu yake imechorwa kwenye mfuniko kwa ndani. Injini ikiwa imezimwa, unganisha tundu la TE1 na la E1. Washa swichi bila kupiga starta. Usikanyage mafuta, kiyoyozi kiwe kimezimwa. Taa ya injini kwenye dashibodi itaanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo kwa haraka, mara mbili kwa sekunde, kompyuta haina kosa ililolihifadhi. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji. Kosa la 21 ni sensa ya oksijeni, 31 ni sensa ya presha ya manifoldi, 41 ni sensa ya throto. Ukipata 51 wakati mguu uko kwenye mafuta au kiyoyozi kimewaka, si kosa, ni wewe.

Usikosee tundu. Ukiunganisha +B na E1 utachoma kitu.

Kabla ya hayo yote, tazama kama taa yenyewe inawaka swichi inapowashwa. Isipowaka, huenda kuna mtu alishaitoa balbu, na aliyeitoa alikuwa na sababu. Anayenunua gari la mkononi aanze hapo.

Namba ya kosa inataja njia, haitaji kifaa. 22 maana yake umeme wa njia ya sensa ya joto hauko sawa; huenda ni sensa, huenda ni waya uliotafunwa na panya. Chukua multimita. Sensa nzima ya Toyota husoma kati ya omu 2,000 na 3,000 kwa nyuzi 20, na kati ya 200 na 400 kwa nyuzi 80. Ikisoma hivyo, iache, fuata waya. Baada ya matengenezo chomoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika kufuta kumbukumbu, kisha endesha, kisha soma tena. Asiyesoma mara ya pili hajatengeneza.

Usitoe themostati

Hili nitakaa nalo, kwa sababu madhara yake yanatembea barabarani kila siku. Hoja inayorudiwa ni kwamba nchi zetu ni za joto, themostati ni ya Wajapani wenye theluji. Toyota hao hao wanaifunga kwenye magari yanayouzwa Ghuba, ambako kiangazi hupita nyuzi 45. Kazi yake si kupasha gari joto kwa ajili ya baridi ya nje. Kazi yake ni kuishikilia injini kwenye joto ililochongewa. Ya Corolla huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84.

Ukiitoa, maji yanazunguka bila kizuizi, na gari likiwa kwenye mwendo halifiki joto lake. Sensa inaiambia kompyuta kuwa injini bado ya baridi. Kompyuta, kwa utiifu, inaongeza mafuta, kama inavyotakiwa asubuhi, ila sasa ni asubuhi siku nzima. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, inashuka chini kuchanganyika na oili, ringi zinalika. Mwenye gari analalamika kwamba gari zito linakula mafuta. Anauziwa nozo, anauziwa sensa ya oksijeni, na kila kipimo cha umeme kinaonyesha kila kitu kizima, maana kweli kila kitu ni kizima. Kilichokosekana ni kidude kilichotupwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu miaka mitatu nyuma na fundi mwingine.

Kuijua ni rahisi. Asubuhi, injini baridi, washa, na ushike mpira wa juu wa rejeta ukijihadhari na feni. Ubaki wa baridi dakika kadhaa, kisha ghafla upate moto. Ukianza kupata uvuguvugu taratibu tangu mwanzo, themostati haipo au imekwama wazi. Iliyopo ipimwe jikoni: itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, washa jiko, tazama inafunguka nyuzi ngapi.

Na kama ilitolewa kwa sababu gari lilikuwa linachemsha, basi ugonjwa wa kuchemsha haukutibiwa. Safisha rejeta, pima mfuniko wake, hakikisha feni inawaka, acha kujaza maji ya bomba yenye chumvi. Kisha rudisha themostati mahali pake.

Fanya: itafute cheche gizani

Usiku, mahali pasipo na taa, washa injini na ufungue boneti. Waya uliochoka utauona wenyewe: vimulimuli vya bluu vinaukimbia, hasa ukinyunyiza ukungu wa maji. Mchana tumia multimita. Waya mmoja usizidi omu 25,000.

Usichomoe waya kwa mkono injini ikiunguruma ili kujua silinda ipi inamisi. Utapigwa, na cheche isiyo na pa kwenda inaweza kuua kifaa cha kuwashia. Chomoa soketi ya nozo badala yake: silinda ambayo ukiikatia mafuta mlio haubadiliki ndiyo isiyofanya kazi. Isitoshe petroli haiendi kuunguza ekzosi.

Usikubali distribyuta izungushwe kwa sikio. Fundi anaisogeza hadi injini "iamke", na inaamka kweli, kisha mlimani inagonga. Taiming ya 5A-FE ni nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, ikipimwa kwa taa ya taiming huku TE1 na E1 zimeunganishwa. Bila waya huo kompyuta inaisogeza yenyewe na unachokisoma hakina maana. Fundi asiye na taa ya taiming asiguse bolti ile.

Mafuta

Usinunue pampu kabla ya geji. Ukiunganisha FP na +B kwenye kisanduku kilekile cha DIAGNOSIS, swichi ikiwa imewashwa, pampu inanguruma, na geji iliyofungwa kwenye njia ya mafuta isome kati ya psi 38 na 44. Chini ya hapo, badilisha filta kwanza ndipo upime tena. Filta ndiyo inayosahauliwa. Ikisoma sawasawa, pampu ni nzima, na usimsikilize mtu.

Uchakachuaji upo. Tanzania imekuwa ikiweka vinasaba kwenye mafuta tangu 2010, na Kenya mwaka 2018 ilitoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa sababu watu walikuwa wanayachanganya. Gari lililobadilika siku ileile ulipojaza, likagonga na kuwa gumu kuwaka asubuhi, ling'olewe mafuta kabla ya kung'olewa kifaa. Weka risiti.

Usimpe mtu masega yako bure

Masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, yakiyeyuka au kuziba, injini haitoi pumzi: inawaka vizuri, sailensi nzuri, ukikanyaga inazama. Ni ugonjwa wa kweli. Lakini masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, yananunuliwa, na anayekuambia "nitakutolea bure" amekwisha kulipwa. Dai ushahidi: toa sensa ya oksijeni ya mbele, funga geji kwenye tundu lake. Mizunguko 2,500, presha isizidi psi 3. Ikizidi, yameziba. Na yakiwa yameziba, tafuta kilichoyaua, maana ni misi iliyoachwa au oili inayoungua, na mapya yatakufa vilevile.

Lipa kupimwa

Huku kwetu mtu analipa shilingi kwa kifaa alichokiona, halipi kwa saa mbili za fundi aliyekaa na geji akagundua kwamba hakuna cha kununua. Basi fundi anayetaka kula leo lazima akuuzie kitu. Patana bei ya upimaji kabla boneti haijafunguliwa, matengenezo baadaye na kwa bei yake. Kataa vitu viwili kubadilishwa kwa wakati mmoja. Hutajua kipi kilichoponya. Kifaa cha zamani rudi nacho nyumbani. Mara nyingine ndicho utakachokirudisha.

Usiseme "injini imekufa" kabla ya kompresheni

Injini ipate moto, plagi zote nne nje, mafuta na cheche vikatwe, throto ifunguliwe hadi mwisho, betri iwe na nguvu. Kwa 5A-FE ya pwani, injini nzima hukaribia psi 190. Chini ya 142 imechoka. Na silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Ukipimia Mbeya au Nairobi namba zote zitashuka, kwa sababu ileile ya hewa, kwa hiyo huko tazama zaidi tofauti ya silinda kwa silinda.

Silinda ikiwa chini, tia kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, pima tena. Ikipanda, ringi. Isipopanda, valvu au gasketi ya silinda hedi. Na zikiwa mbili zinazopakana, gasketi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Zote nne zikiwa chini kwa usawa na gari limetoka kubadilishwa mkanda wa taiming, rudi kwenye alama za mkanda, kuna jino limeruka. Usishushe injini kwa kosa la jino.

Ikithibitika imekwisha, na umeamua kununua ya mtumba Gerezani ya Dar au Grogan ya Nairobi, usinunue kwa kuizungusha puli kwa mkono na kusikiliza. Injini inayouzwa na gia boksi yake inapigwa starta palepale sakafuni, plagi nje, geji ndani. Ikiwa baridi itasoma chini kidogo. Unachotaka ni silinda nne zinazokaribiana. Fungua mfuniko wa oili: ute wa rangi ya maziwa ni maji, iache hapo. Muuzaji akisema hana betri, kaazime. Akisema haruhusu kupima, nenda duka linalofuata.